Sura ya Saba: Jina Moja, Namba Moja, Mahali Pamoja

Kiasi kikubwa cha maziwa ya ngamia yanayonywewa Eastleigh, Nairobi, hutoka Isiolo. Wafugaji hukamua malishoni, pikipiki huyafikisha mjini, akina mama huyapima, huyachuja na kuyapoza kwenye friza, kisha mitungi hupakiwa basini kwa safari ya karibu kilomita 285. Wanawake wa ushirika wa Anolei ni miongoni mwa walioijenga biashara hii hadi ikawa ya kutegemewa. Wanajua maziwa ya nani yamechanganywa na maji kabla hata kifuniko hakijafunguliwa vizuri.

Mitungi ikishateremshwa Eastleigh, mambo hubadilika. Mteja anayemiminiwa kikombe hajui maziwa yametoka kwa nani. Anamjua aliyemmiminia. Siku atakapotaka lita arobaini za harusi, atampigia huyo huyo, naye atapanga bei, kisha ndipo simu iite Isiolo. Mzigo umefika salama, lakini jina la aliyeutuma lilibaki stendi.

Hali hiyo si ngeni Isiolo. Mji huu umejulikana duniani mara kadhaa, na kila mara kupitia mdomo wa mwingine. George Adamson alikuwa afisa wa wanyamapori na makazi yake yalikuwa hapa. Mkewe, Joy, aliandika kitabu kuhusu simba jike Elsa kilichotoka mwaka 1960 na kusomwa kote ulimwenguni. Mwaka 2001 kampuni ya televisheni ya Marekani, CBS, ilileta kamera zake katika hifadhi ya Shaba kurekodi msimu wa tatu wa shindano la Survivor. Mamilioni waliviona vilima vya Shaba sebuleni kwao. Muuza nyama kavu wa mtaa wa Bulla Pesa hakupata hata oda moja kutokana na umaarufu huo, na hakuna wa kulaumiwa. Zama zile, ili uonekane mbali ulihitaji mchapishaji vitabu au kampuni ya televisheni. Leo unahitaji simu, bando, na nusu siku ya kukaa chini na kuyaandika mambo yako sawasawa. Sura hii inahusu nusu siku hiyo.

Maswali matatu ya mteja wa mbali

Kaunti ya Isiolo ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 268,002. Soko la ndani ni dogo, na limetawanyika kutoka Oldonyiro hadi Sericho. Ndiyo maana biashara nyingi zinazokua hapa huuza nje: mbuzi na ngamia, maziwa, nyirinyiri (nyama kavu), mavazi na shanga, vyumba vya kulala wageni, safari za hifadhini. Mteja yuko Nairobi, Meru au Moyale, au ni mwana wa hapa anayeishi Dubai, au ni mtalii anayepanga likizo akiwa Ulaya.

Ndani ya mji, biashara husimama juu ya kujuana. Mtu akisema “yule mama anayeuza karibu na msikiti wa Jamia,” mwenzake anamalizia kwa kutaja ukoo wake, na imani imeshapatikana. Mteja wa mbali hana ukoo wa kutaja. Kabla hajatuma pesa anajiuliza mambo matatu: Huyu yupo kweli? Yuko wapi hasa? Nikilipa, mzigo utafika?

Wengi wetu tukiingia mitandaoni hatuyajibu maswali hayo. Tunapandisha picha ya bidhaa, tunaandika “karibuni wateja wetu wapendwa,” tunaweka mioyo mitatu, na kesho tunarudia. Picha inaweza kumvuta mtu, lakini akishavutwa hugusa jina la ukurasa ili aone nyuma yake kuna nani. Hapo ndipo anapokutana na wasifu: jina, picha, maelezo, namba, saa za kazi, mahali, na maoni ya waliotangulia. Wasifu ukiwa mtupu, anarudi alikotoka bila kukuambia, nawe utadhani tangazo halikuonekana.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni kweli sokoni, mahali ambapo mnunuzi anaweza kukigusa kizuri na kukinusa. Aliye mbali hawezi. Anachoweza kukigusa ni wasifu wako tu.

Kulinganisha kabla ya kupamba

Kanuni ya kwanza ya kuonekana ni ndogo kiasi kwamba watu huipuuza: jina, namba na mahali viwe vilevile kila unapoonekana.

Chukua muuzaji wa nyirinyiri ambaye hali yake ni ya kawaida mno. Facebook anaitwa kwa jina la bidhaa. Instagram anatumia jina la utani lenye tarakimu nne mwishoni. Akaunti ya WhatsApp ina picha ya mtoto wake akiwa na sare ya shule. Mteja akilipa kwa till, ujumbe wa M-Pesa unaleta jina la kampuni ya shemeji yake iliyosajiliwa kwa kazi nyingine kabisa. Kila kimoja kina maelezo yake ya haki. Vyote pamoja vinamfanya mtu mwaminifu afanane na tapeli, na mteja wa Nairobi ambaye ameshawahi kutapeliwa mara moja hataki maelezo.

Wakenya wamekuwa wakitumia M-Pesa tangu mwaka 2007 na wamejifunza jambo moja: kusoma jina linalotokea kwenye skrini. Kwa hiyo anzia hapo. Jina la till yako ndilo liwe jina la ukurasa, la WhatsApp, la kibao cha dukani na la kibandiko kwenye chombo cha bidhaa. Kama till ina jina usilolipenda, ni rahisi zaidi kulibadilisha sasa kuliko kulifafanua kwa kila mteja miaka mitano ijayo.

Namba nayo iandike ikianza na +254. Aliye Eastleigh atakupata hata ukianza na sifuri, lakini aliye Muscat au Minneapolis hatakupata. Tena iwe namba ya biashara, kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Laini ikiwa ya kijana wa dukani, siku atakapopata kazi kwingine ataondoka na wateja wako bila hata kukusudia.

Mahali ndipo penye kazi kubwa kwa mji kama Isiolo, kwa sababu mitaa mingi haitambuliki kwa majina ya barabara wala namba za nyumba. S.L.P. na msimbo wa posta 60300 vitasaidia barua, havitamsaidia mtu aliyeshuka basini saa kumi na moja alfajiri. Andika kama unavyomwelekeza mgeni kwa mdomo: mtaa, alama inayojulikana, upande wa barabara, rangi ya mlango. Kisha weka alama kwenye ramani. Google ina huduma ya bure ya wasifu wa biashara, inayoitwa Google Business Profile tangu mwaka 2021, ambayo huliweka duka lako kwenye ramani pamoja na saa za kazi, picha na maoni ya wateja. Mara nyingi uthibitisho hufanywa kwa video: unarekodi barabara, kibao, mlango na ndani ya duka, ukionyesha pia kwamba wewe ndiye mwenye funguo. Kwa mji usio na namba za nyumba, utaratibu huo ni afadhali.

Kulinganisha huku kuna faida ya pili. Mitambo ya kutafutia habari nayo husoma kurasa zako zote. Ikikuta jina lilelile, namba ileile na mahali palepale katika sehemu nne tofauti, huwa na uhakika zaidi kwamba ni biashara moja iliyo hai. Ikikuta vitu vinne vinavyopingana, haijui imwonyeshe mtafutaji kipi.

Mtandao upi kwa kazi ipi

Hakuna haja ya kuwa kila mahali. Kila mtandao una kazi yake, na ukurasa uliotelekezwa tangu mwaka juzi hudhuru kuliko kutokuwa na ukurasa, kwa sababu mteja hudhani umefunga.

WhatsApp ndiko biashara nyingi za Kenya zinakomaliziwa. Toleo lake la biashara, lililoanza mwaka 2018, lina nafasi ya saa za kazi, anwani, orodha ya bidhaa na bei, na majibu ya haraka ya maswali yanayojirudia. Lakini WhatsApp ina ukuta. Stetasi yako huonwa na walio na namba yako nawe una zao, tena hudumu saa 24 tu, na mazungumzo ya kwenye makundi hayatokei mtu akitafuta Google. Anayeitegemea WhatsApp pekee anawauzia watu walewale.

Ukurasa wa Facebook ni wa hadharani na unaweza kutokea kwenye matokeo ya utafutaji. Makundi ya humo ya wakulima na wafugaji yanawakutanisha watu ambao wasingekutana kamwe. TikTok inafanya kazi nyingine: huipeleka video yako kwa watu ambao hawajawahi kukusikia, hata kama una wafuasi thelathini. Ripoti ya mwaka 2023 ya Taasisi ya Reuters, iliyoko Oxford, iliitaja Kenya kuwa kinara wa matumizi ya TikTok kati ya nchi ilizozichunguza, huku asilimia 54 ya waliohojiwa wakisema wanautumia mtandao huo. Instagram inawafaa zaidi walio kwenye utalii, mavazi na ususi wa shanga.

Mpangilio unaomtosha mtu mmoja mwenye simu moja ni huu: Google ili uonekane na anayetafuta, Facebook au TikTok, mmoja kati ya hiyo miwili, ili uonekane na asiyekutafuta, na WhatsApp ya kumalizia biashara. Kila wasifu uelekeze kwa mwingine kwa kiungo. Mteja asilazimike kunakili namba kwa mkono.

Andika maneno ya anayetafuta

Mtalii aliye Berlin hatafuti Isiolo. Anatafuta Samburu, kwa sababu ndilo jina alilolikuta kwenye vitabu vya safari. Hata hivyo, akisimama kwenye ukingo wa kusini wa mto Ewaso Ng'iro yumo Buffalo Springs, ambayo ni ya kaunti ya Isiolo, na Shaba nayo ni ya hapa hapa. Mwongoza watalii wa Isiolo anayejieleza kwa neno Isiolo peke yake anamwacha mgeni ampite mlangoni. Maelezo yake yataje Samburu, Buffalo Springs na Shaba kwa pamoja, na yawataje wanyama ambao watu huwafuata hasa kaskazini: punda milia wa Grevy, twiga wa madoa ya wavu, choroa, swala twiga na mbuni wa Kisomali. Mji utajwe kama mahali pa kulala, kununua mahitaji na kuanzia safari.

Vivyo hivyo kwa chakula. Kile wengine wanachokiita nyirinyiri, Msomali anaweza kukitafuta kwa jina la otkac, na mtu wa Nairobi ataandika tu “nyama kavu ya ngamia.” Sentensi moja ya maelezo inaweza kuyabeba majina yote hayo bila kuonekana imejazwa. Isiolo ina Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na mfanyabiashara wa hapa huzungumza lugha tatu kabla ya chai ya saa nne. Uwezo huo utumike. Maelezo makuu yawe kwa Kiswahili au Kiingereza, na sauti kwenye video iwe kwa lugha ya mteja unayemlenga.

Halafu kuna desturi ya “bei inboksi.” Wauzaji huificha bei wakiogopa washindani. Washindani wako wanaijua bei yako. Walikuwa nawe sokoni asubuhi. Usiyemwambia ni mnunuzi, ambaye ana kurasa nyingine tano mbele yake, moja ikiwa imeandika bei. Kama bei hupanda na kushuka kwa msimu, kama ilivyo kwa maziwa wakati wa ukame, andika kiwango cha chini na cha juu na uweke tarehe.

Cha kupandisha, na kwa nini

Mwaka 2012 vyombo vya habari vya ndani na nje vilimwandika Francis Kariuki, chifu wa Lanet Umoja karibu na Nakuru, ambaye alitumia Twitter kuendesha lokesheni yake. Alitangaza wizi unaoendelea, kondoo aliyepotea na mikutano ya baraza. Wakazi wasiokuwa na simu za kisasa walizipokea jumbe zake kwa SMS. Hakuwa na picha za kupendeza wala timu ya matangazo. Alikuwa na habari fupi, za mahali pamoja, zenye manufaa kwa aliyezipokea, na alizitoa kwa uaminifu hadi watu wakazizoea.

Mfanyabiashara anaweza kuiga hilo moja kwa moja. Muuza maziwa apandishe saa ambayo basi limeondoka na saa linapotarajiwa Nairobi. Mwenye nyumba ya wageni aseme kama barabara ya kuingia Shaba inapitika baada ya mvua. Dalali wa mifugo aonyeshe bei za siku ya soko. Anayeuza vyakula apange mapema kabla ya Ramadhani na Idd, wakati maziwa ya ngamia hutafutwa zaidi. Jumbe kama hizi zinajibu lile swali la tatu la mteja, kwamba mzigo hufika, kwa sababu anauona ukifika wiki baada ya wiki.

Maoni ya wateja yana uzito kuliko maneno yako. Mteja akiridhika, mtumie kiungo siku hiyo hiyo na umwombe aandike mistari miwili. Akilalamika hadharani, mjibu hadharani kwa adabu: nini kilitokea, umefanya nini. Wasomaji wengine wanapima namna unavyojibu kuliko kosa lenyewe. Usinunue maoni ya uongo. Sifa ishirini zilizoandikwa siku moja na watu wasio na picha hujitangaza zenyewe.

Mipaka ya sheria na ya mtandao

Kuonekana kuna sheria zake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na ofisi ya kamishna wake imeonyesha kwamba haikutungwa kwa ajili ya makampuni makubwa peke yake. Mwezi Septemba 2023 ilitangaza faini kwa klabu moja ya burudani ya Nairobi, Casa Vera, ya shilingi 1,850,000, kwa kupandisha picha ya mteja bila ridhaa yake, na kwa Roma School ya Uthiru ya shilingi 4,550,000, kwa picha za watoto zilizowekwa bila idhini ya wazazi. Kwa Isiolo somo liko wazi. Msichana wa Kisamburu aliyevaa shanga, au mtoto anayechunga mbuzi, si pambo la ukurasa wako. Omba ruhusa, na kwa mtoto muombe mzazi.

Vilevile usiandike kwamba maziwa ya ngamia yanaponya kisukari au saratani, hata kama majirani wote wanasema hivyo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumpotosha mnunuzi, na mgonjwa anayeacha dawa kwa sababu ya ukurasa wako ni mzigo usioutaka. Andika unachoweza kukithibitisha: yalikamuliwa lini, yalichemshwa au la, yamehifadhiwa vipi.

Kumbuka pia kwamba kurasa hizi zote zimepangishwa. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa karibu saa sita, na aliyekuwa na wateja wake wote humo alikaa akitazama skrini. Mwezi Machi 2024 Google ilizima tovuti ndogo za bure ambazo wafanyabiashara walikuwa wamejitengenezea kupitia wasifu wao. Kwa hiyo weka orodha ya wateja nje ya mitandao, kwenye daftari ikibidi, kwa ridhaa yao. Wasimamizi wa ukurasa wawe wawili unaowaamini. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na usimpe mtu yeyote namba ya siri inayotumwa kwa SMS, hata akijitambulisha kuwa ni mhudumu wa mtandao.

Mara kwa mara, litafute jina lako mwenyewe. Matapeli huiba picha za wauzaji waaminifu, hufungua ukurasa unaofanana na kudai malipo ya awali. Ukiukuta, uripoti, na uwatangazie wateja wako namba ya till iliyo yako. Aliyezoea kuliona jina lako likiwa lilelile kila mahali atamtambua mwizi upesi. Aliyezoea majina manne hatajua tofauti.

Kazi ya wiki hii

Siku ya kwanza, andika kwenye karatasi jina, namba, mahali, saa za kazi na sentensi mbili za unachouza. Karatasi hiyo ndiyo sheria. Kila wasifu unaifuata neno kwa neno.

Siku ya pili, sahihisha wasifu ulionao kabla ya kufungua mpya, na ufute au ufunge ule usiouweza kuutunza.

Siku ya tatu, weka duka kwenye ramani ya Google na uanze uthibitisho. Piga picha tano mchana kweupe: nje, ndani, bidhaa, kifungashio, na kibao kinachosomeka.

Siku ya nne, jaza orodha ya bidhaa na bei kwenye WhatsApp, kisha unganisha kurasa zote kwa viungo.

Siku ya tano, wasiliana na wateja watano walioridhika uwaombe maoni.

Siku ya sita, mpigie ndugu aliye Nairobi asiyeijua vizuri biashara yako. Usimtajie jina la duka. Mwambie atafute kwa simu yake bidhaa unayouza pamoja na neno Isiolo, kisha akutumie picha za skrini za kila alichokiona kwa mpangilio alioufuata. Usimsaidie wala usimrekebishe anapopotea. Pale alipokwama ndipo wateja wengine wanapokwama, na hiyo ndiyo kazi ya wiki inayofuata.